Vumbi la maabara na kliniki ya meno: mwongozo kamili wa kulinda mapafu yako

Ntaanza na ujinga wangu mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi hii ya kutengeneza meno bandia nilikuwa navaa maski nikiwa nasaga tu, nikimaliza naishusha kidevuni, nachukua ufagio nafagia meza na sakafu huku napiga stori na wenzangu, alafu nafungua mpira wa kompresa najipuliza koti zima ili nitoke nje nikiwa msafi. Na nilijiona mtu makini kweli. Kumbe nilikuwa navaa kinga dakika zile ambazo sakshen ya mezani (mashine ya kuvuta vumbi) ilikuwa inanisaidia tayari, na naivua dakika mbaya kuliko zote za siku nzima.

Kwaiyo mwongozo huu umepangwa kinyume na wengi wanavyofikiri. Maski iko karibu na mwisho, sio mwanzo. Ni kwa mafundi wa maabara, madaktari wa meno, wasaidizi wa kiti (hasa nyie mnaochanganya alginati, ule unga wa kuchukulia umbo la meno, kutwa) na msisahau yule anayefanya usafi jioni, maana mara nyingi ndo anavuta vumbi kuliko wote na hakuna aliyewahi kumwambia kitu.

Kwanza elewa adui yako humuoni

Lile vumbi jeupe linaloganda kwenye nyusi sio lenye shida kubwa. Ni baya kwa macho, linakera, ila chembe kubwa zinanaswa puani na kooni unazipenga au unazitema. Unywele wa mtu una unene wa kama mikromita 70 hivi. Chembe zikishuka chini ya mikromita 10 zinaingia kifuani, na zile za chini ya 4 ndo zinafika mpaka kwenye vile vifuko vidogo vya hewa mwisho kabisa wa mapafu. Hizo jicho halizioni, na hazianguki haraka, chembe ya mikromita 1 kwenye chumba kilichotulia inaweza kuelea masaa na masaa. Yaani umezima mota, umekaa unapumzika, unajiona kazi imeisha, na bado unavuta ulichosaga asubuhi.

Zikifika kule chini seli za ulinzi zinazimeza ili zisafishe. Ikiwa ni silika ya fuwele, yale madini yaliyomo kwenye mchanga (aina zake ni kwatsi au kristobaliti), seli ikishaimeza inakufa, inaachia chembe ile ile, inakuja seli nyingine nayo inaimeza inakufa, na kila mzunguko unaacha kovu. Ndo silikosisi hiyo. Haina dawa ya kuiondoa, na inaweza kuendelea kukua hata ukishaacha kazi. Ile ya kawaida inajitokeza baada ya miaka 10 na kuendelea, lakini vumbi likiwa zito inaweza kuja ndani ya miaka 5 hadi 10, na likiwa zito kupita kiasi hata mapema zaidi ya hapo. Juu ya hayo mtu mwenye silikosisi anashikwa na kifua kikuu kirahisi kuliko wengine. Na tangu 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka silika ya fuwele kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Kuna watu wanasema hayo ni ya wachimba migodi. Hapana. Mwaka 2004 CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ilitoa ripoti ya mafundi 9 wa maabara za meno waliokutwa na silikosisi kwenye majimbo matano kati ya 1994 na 2000. Na 2018 ikatoa nyingine, kituo kimoja cha matibabu Virginia kilitibu wagonjwa 894 wa ule ugonjwa wa makovu ya mapafu usiojulikana chanzo kati ya 2000 na 2015, wakakuta 9 wanatoka kazi za meno, madaktari 8 na fundi 1, na 7 kati yao wameshafariki. Chanzo hakikuthibitishwa, tusiongeze chumvi, ila mmoja aliyehojiwa alieleza kwamba alikuwa anang'arisha vifaa vya meno na kuandaa amalgamu (ule mchanganyiko wa metali na zebaki wa kuzibia meno) bila kinga yoyote ya kupumua. Mimi niliposoma hapo nikakumbuka ule mpira wa kompresa.

Hatua ya 1: andika vumbi lako lote kwenye karatasi

Chukua karatasi, zunguka chumba meza kwa meza, andika kila kitu kinachotoa unga au kinachosagwa. Usiandike jina la bidhaa peke yake, tafuta karatasi ya usalama ya kila bidhaa (ile yenye vipengele 16, muuzaji anatakiwa kukupa, ukimwomba akazunguka zunguka basi badilisha muuzaji). Nenda kipengele cha 3, ndo viambato, na cha 8, ndo kinga. Kama lugha inakupa shida tafuta namba, maana namba ni zile zile kila mahali: 14808-60-7 ni kwatsi, 14464-46-1 ni kristobaliti, 7440-41-7 ni beriliamu. Ukiziona hizo weka alama nyekundu.

Utakachokuta mara nyingi ni hiki.

Investimenti, ule unga unaomwagwa kuzunguka nta kabla ya kuchoma na kumimina chuma, ndo namba moja kwa ubaya kwenye maabara nyingi. Ile ya fosfeti imejaa kwatsi na kristobaliti. Na haitoi vumbi mara moja, inatoa mara tatu: ukifungua mfuko na kuchanganya, ukivunja ringi (ule mduara wa investimenti iliyoganda kuzunguka chuma) baada ya kumimina, na ukisafisha chuma kwenye sandiblasti, lile kasha la kusafishia kwa chembe zinazorushwa na hewa. Hapo pa kuvunja ringi ndo watu wanapasahau, mtu anagonga na nyundo kavu juu ya meza wingu linapanda usoni anapepea na mkono.

Metali za kusagwa. Kobalti-kromu na nikeli-kromu zote vumbi lake sio zuri kwa mapafu wala ngozi, nikeli hasa kwa mzio. Lakini ya kuogopa kweli ni zile aloi (metali zilizochanganywa) za nikeli-kromu zenye beriliamu, inaweza kufika kama asilimia 2 kwa uzito na unaweza kudhani ni kidogo. Sio kidogo. Mwili wa baadhi ya watu unapata mzio nayo kwa kiwango kidogo sana, na ugonjwa wake wa mapafu unaweza kuja miaka mingi baadaye. Hapa sina hatua za kukupa za kuisaga salama, ushauri wangu ni usiinunue, aloi zisizo nayo zipo.

Alginati inashangaza wengi, ndani yake kuna udongo wa diatomu ambao nao ni silika, na ukiwa umepitia moto mkali kiwandani unaweza kuwa na kristobaliti. Kile kitendo cha kutikisa kopo ili unga ulegee alafu unafungua papo hapo ukiwa umeinamia, ndo unajipulizia mwenyewe usoni.

Posleni (kauri ya meno) ina silika pia, zirkonia (kauri ngumu zaidi) ikisagwa kavu inatoa unga mwembamba ajabu, akriliki (plastiki ya meno bandia) inatoa vumbi pamoja na harufu kali ya monoma, kile kimiminika chake, ambayo ni habari nyingine (ntairudia kwenye maski). Pumisi, ule unga wa kijivu wa kung'arishia, silika yake nyingi ni ya aina ya kioo isiyo na ukali wa kwatsi ila inaweza kuja na fuwele kidogo, na ikitumika yenye unyevu siku nyingi bila kubadilishwa inakuwa shamba la bakteria kutoka meno bandia ya kila mtu. Plasta ya jipsamu ndo mpole wa familia, inakera macho na pua, usiipuuze ila usipoteze usingizi kwa ajili yake.

Kwenye kiti cha mgonjwa kuna kompoziti (ile ya kuzibia yenye rangi ya jino), ndani yake chembe za kioo na silika, ukiing'arisha kavu vumbi linatoka na liko jembamba. Na kuna amalgamu ya zamani inayotolewa, karibu nusu yake ni zebaki.

Hatua ya 2: lione kwa tochi

Hii haina gharama na ndo iliyonibadilisha mimi. Subiri jioni, zima taa, funga mapazia. Mwenzako akae asage kitu kama kawaida yake. Weka tochi yenye mwanga mkali upande wa pili wa vumbi ikielekea kwako, lakini simama pembeni kidogo au ziba taa yenyewe na kipande cha boksi ili isikupige machoni, na nyuma kuwe na giza. Chembe ambazo huzioni kwenye mwanga wa kawaida zitang'aa zote, ni kama ule mwale wa jua unaoingia dirishani.

Angalia vitu vitatu. Vumbi linaelekea wapi likitoka kwenye bari (kile kichwa cha kusagia kinachozunguka), linaingia sakshen au linapita juu yake? Linafika usoni kwa msagaji? Na mota ikizimwa linabaki muda gani? Rudia zoezi hilo kwenye kuchanganya unga, kuvunja ringi, kufungua kasha la sandiblasti na kufagia. Siku tulipofanya sisi kwenye kufagia hakuna aliyeongea. Piga video, kesho yake ukienda kuomba hela ya sakshen kwa bosi huhitaji maneno mengi.

Kama mna uwezo wa kuita mtu apime hewa kwa pampu ndogo inayovaliwa kifuani siku nzima, ni bora zaidi, tochi haikupi namba. Kipimo cha OSHA, shirika la Marekani la usalama kazini, tangu sheria yao ya 2016 ni mikrogramu 50 za silika ya fuwele kwa mita moja ya ujazo ya hewa, wastani wa masaa 8, na ikifika 25 tu mwajiri anatakiwa kuanza kuchukua hatua. Ujue hiyo 50 ni ndogo kiasi gani, punje moja ya chumvi ya mezani ina uzito wa karibu mikrogramu 60.

Hatua ya 3: punguza vumbi kabla halijazaliwa

Hapa ndo pana faida kubwa kwa hela ndogo na ndo panaporukwa.

Nunua alginati ya unga mzito usiopeperuka, ipo, chembe zake zimefunikwa na kitu kinachozishika pamoja. Hata hivyo ukishatikisa kopo liache litulie dakika chache kabla ya kufungua na fungua mbali na uso. Investimenti nunua ya pakiti ndogo zilizopimwa tayari badala ya gunia la kuchota, kila kuchota ni wingu. Bakuli litangulie kupata maji ndipo unga uingie, umwage taratibu ukiwa karibu na uso wa maji, usiumwage kwa juu kama unapepeta. Kisha lowanisha kwa kijiko na funga mashine ya kuchanganyia kwa vakyumu.

Kuvunja ringi: iache ipoe kabisa, usiitupie maji ikiwa bado nyekundu, unacheza na mvuke. Ikishapoa izamishe kwenye ndoo ya maji mpaka iloane hadi ndani, alafu ivunjie humo humo majini au ikiwa inachuruzika. Uchafu uende kwenye mfuko ukiwa bado mbichi, na usiumwage sinki kwa sababu utaziba mabomba na hilo mtalizungumza na fundi bomba.

Sandiblasti: mchanga wa kawaida usiingie kwenye kasha hata siku moja, Uingereza waliupiga marufuku kwenye kusafishia vyuma vya kumimina tangu 1949. Tumia oksidi ya aluminiamu au shanga za kioo. Ila kuna mtego hapa, oksidi ikizunguka mara nyingi ndani ya kasha inajichanganya na investimenti iliyotoka kwenye chuma, kwaiyo mfuko uliandikwa salama lakini kilichomo sasa hivi kina kwatsi. Ndo maana chuma kioshwe na kusuguliwa na brashi chini ya maji kwanza, na hiyo oksidi au shanga zibadilishwe zisiachwe mpaka ziwe unga. Kagua glovu za kasha kama zina matobo, kagua mpira wa mlango. Ukishaachia pedali hesabu mpaka vumbi litulie na sakshen ilivute, nusu dakika au zaidi, ndipo ufungue. Najua una haraka. Subiri.

Hatua ya 4: sakshen, na hasa umbali

Watu wananunua sakshen ya nguvu alafu wanasagia umbali wa mkono mzima kutoka kwenye mdomo wake. Nguvu ya kuvuta inakufa haraka mno ukisogea. Chukua kipenyo cha mdomo wa bomba, tuseme sentimita 10, ukisogea sentimita 10 tu mbele yake kasi ya hewa imebaki kama sehemu moja ya kumi ya ile iliyopo mdomoni. Sehemu moja ya kumi! Ukifika sentimita 25 unavuta matumaini.

Kwaiyo sogeza mdomo karibu na kazi mpaka unagusa mkono wako kidogo, ukikera uzoee. Alafu angalia bari inazunguka upande gani, maana inarusha chembe kwa mwelekeo wake, zielekee ndani ya mdomo na sio kifuani kwako. Kwa mtumia mkono wa kushoto mara nyingi inabidi sakshen ihamishwe upande au mota igeuzwe mzunguko, nimeona mafundi wazuri tu wamefanya kazi miaka na sakshen iliyopangwa kwa ajili ya mtu mwingine. Kioo cha mbele kati ya uso na kazi kinasaidia sana, kinabana hewa na kinalinda macho kwa wakati mmoja.

Feni ya mezani zima. Najua joto. Lakini feni inayokupulizia ukiwa unasaga inaliondoa vumbi mbele ya sakshen na kumpelekea jirani yako, kama hakuna namna ielekezwe ili itoe hewa nje ya chumba, isipite juu ya meza. Dirisha pia lina upepo wake, rudia zoezi la tochi likiwa wazi na likiwa limefungwa uone.

Filta sasa. Kama sakshen inarudisha hewa humo humo chumbani basi lazima iwe na filta ya HEPA mwishoni, hiyo inazuia asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3. Vakyumu ya kawaida ya nyumbani inakusanya unga mkubwa unaouona na kupuliza mwembamba nyuma yake, kwa maneno mengine inachuja na kukubakishia ule mbaya. Kila wiki weka karatasi ya tishu mbele ya mdomo kwa umbali unaosagia, kama haivutiki vizuri filta imejaa au bomba limeziba.

Kwenye kiti cha mgonjwa ni mantiki ile ile. Kile kimrija chembamba cha kuvuta mate sio sakshen ya vumbi, usijidanganye. Inayotakiwa ni ile ya mdomo mpana, milimita 8 na zaidi, yenye kuvuta hewa nyingi, na msaidizi aishike sentimita moja au hapo karibu na jino, sio kuiegesha shavuni na kuanza kuangalia simu. Ikitumika hivyo inaondoa zaidi ya asilimia 90 ya kinachorushwa. Ongeza rabadamu, ile shuka ya mpira, na maji ya kutosha kwenye hendipisi (drili ya mkononi), na kwenye kutoa amalgamu ikate vipande vikubwa uving'oe badala ya kuisaga yote iwe unga.

Hatua ya 5: maji

Fupi tu. Chochote kinachoweza kusagwa na maji kisagwe na maji. Zirkonia na posleni zilizokwisha kuchomwa tumia tabo yenye maji (drili ya kasi inayoendeshwa na hewa), na jiwe lenyewe litadumu na kazi haitapasuka kwa joto. Pumisi iwe uji, isiwe unga, changanya na dawa ya kuua vijidudu na ubadilishe kila siku, sufuria ioshwe. Kompoziti ing'arishwe na maji pale inapowezekana. Ila jua maji hayaondoi kila kitu, yale matone yanayoruka yana chembe ndani, yakikauka hewani chembe inabaki, kwaiyo sakshen bado iwe inawaka.

Hatua ya 6: haya sasa, maski

Maski ya upasuaji, ile ya kamba za masikioni, ilitengenezwa kuzuia matone ya mate, haijabana usoni na hewa inapita pembeni. Jaribu, ivae alafu vuta pumzi kwa nguvu usikie hewa ya baridi inavyopita kando ya pua. Vumbi linapita hapo hapo. Kuvaa mbili hakusaidii, zote zina tundu mahali pale pale.

Unachotaka ni maski ya vumbi inayobana uso, N95 au FFP2 kwenda juu, na kwa kazi za investimenti na metali mimi nachagua FFP3 au P100. Kwa vipimo vya viwanda N95 inazuia asilimia 95, FFP2 94, FFP3 99, P100 99.97. Lakini namba hizo ni za kitambaa, na kitambaa hakina maana kama maski haijakaa. Utaratibu wangu kila asubuhi uko hivi: kamba mbili, ya juu inapita juu ya kisogo, ya chini chini ya masikio shingoni, usizipitishe zote sehemu moja kwa sababu ya nywele. Bana kile chuma cha puani kwa vidole vya mikono miwili, ukitumia mkono mmoja inajikunja ncha na kuacha tundu. Kisha ifunike kwa viganja, pumua nje kwa nguvu, ukisikia upepo machoni rekebisha pua, ukiusikia mashavuni vuta kamba. Vuta ndani, maski inatakiwa inywee kidogo. Usipoweza kuifanya ikae badilisha saizi au muundo, nyuso za watu hazifanani na hakuna maski ya wote. Kama kuna anayeweza kuwapima kwa ile dawa tamu au chungu inayopulizwa ndani ya kofia, mpimwe, ukisikia ladha ujue inavuja.

Ndevu. Samahani jamaa zangu, lakini ndevu hata za siku mbili pale maski inapogusa zinaivujisha. Ama unyoe ama mpate ile ya kofia yenye mota inayosukuma hewa iliyochujwa, ni ghali ila haihitaji kubana mashavu.

Maski yenye vali inakurahisishia kupumua maabarani, kwenye kiti usiivae peke yake kwa sababu pumzi yako inamfikia mgonjwa bila kuchujwa. Na kitu ambacho wengi hawajui: N95 haizuii mvuke. Ukisikia harufu ya monoma ndani ya maski ya vumbi sio kwamba imeharibika, haikutengenezwa kwa hilo, monoma inataka hewa ya kutoka nje au filta ya kaboni, ile yenye alama ya kahawia kwa mfumo wa Ulaya. Zebaki hivyo hivyo inataka filta yake maalumu. Glovu za lateksi pia monoma inazipita haraka tu.

Miwani iliyofunga pembeni ni lazima. Na glovu kwenye mashine ya kung'arishia inayozunguka usivae zile nene za kitambaa, ikinasa inakuchukua na kidole.

Hatua ya 7: usafi, pale nilipokuwa najiua

Ufagio mkavu utoke kwenye chumba cha kusagia. Utoe kabisa, ukiachwa kona mtu atautumia. Mpira wa kompresa haupulizi meza, haupulizi nguo, haupulizi kasha. Nyunyizia maji meza na sakafu, futa kwa kitambaa kibichi kutoka juu kwenda chini, kitambaa kikikauka kwenye ndoo vumbi linarudi kwaiyo kioshe kikiwa bado kibichi. Palipo na unga mwingi vuta kwa vakyumu ya HEPA. Maski iko usoni mwanzo mpaka mwisho, na sakshen ya chumba iache iwake muda kidogo baada ya kuzima mota za mwisho.

Kubadilisha filta na mifuko ya sakshen ndo kazi yenye vumbi kuliko zote ingawa inafanyika mara chache. Inafanywa wakati wengine wameondoka, FFP3 usoni, lowanisha mfuko kwa kunyunyizia kidogo kabla ya kuutoa (mashine iwe imechomolewa kwenye umeme), uingize taratibu ndani ya mfuko wa plastiki, funga, usiukung'ute hata kama mtu atakwambia unaweza kutumika tena. Na usimpe anayefanya usafi kazi hiyo bila maski na bila kumwelekeza, niliona hili likifanyika sehemu niliyowahi kufanya kazi, mama wa watu alikuwa anaenda nyuma ya jengo kuukung'uta kwenye ukuta kila mwezi.

Koti la kazi libaki kazini na lioshwe kazini. Kama hamna namna likunje ndani nje, weka kwenye mfuko uliofungwa, liloweke kwanza kabla ya kulifua na lisichanganywe na nguo za watoto. Nawa uso na mikono kabla ya kula, na usile wala kuweka kikombe kwenye meza ya kusagia, hata kikiwa na kifuniko.

Hatua ya 8: pima mapafu ukiwa mzima

Usisubiri kikohozi. Ukianza kazi, au hata kama una miaka 15 kazini anza sasa, piga eksirei ya kifua na kipimo cha kupuliza, spairometri, uweke majibu kama ya kuanzia. Hasara ndogo ndogo ya pumzi huwezi kuihisi wewe, unadhani umri, ila ukilinganisha namba za mwaka huu na za miaka mitatu nyuma inajionyesha. Kila baada ya muda rudia kwa jinsi daktari atakavyopanga, na kama umekaa sana kwenye silika ulizia na kipimo cha kifua kikuu. Kwa waliowahi kusaga aloi za beriliamu kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama mwili umeshaathirika, kiulizie kwa jina la metali yenyewe, maana ugonjwa wake unafanana sana na sakoidosisi (ugonjwa mwingine wa mapafu) na watu wanatibiwa hiyo miaka. Sigara ukiweza iache, inaziua zile nywele ndogo za njia ya hewa zinazosukuma uchafu nje na hapo unalifungulia vumbi mlango.

Kikohozi kisichoisha, kuishiwa pumzi kwenye ngazi ulizokuwa unapanda bila shida, kifua kubana jumatatu na kulegea wikiendi (hiyo inaweza kuwa pumu ya kazini, mara nyingi akriliki au metali), vipele mikononi, nenda. Shida ni kwamba madaktari wengi wakisikia "nafanya kazi za meno" wanafikiria kiti cheupe na glovu, hawawazi vumbi. Ukimwambia hivyo utapewa dawa ya kikohozi. Mwambie unasaga nini, masaa mangapi kwa siku, miaka mingapi, na mpe nakala ya ile karatasi ya hatua ya 1 yenye alama nyekundu, mwombe aiweke kwenye faili lako.